Ukimaliza Kitabu cha Rubani, Shuka Mlima

Ipo asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hunijia kila nikisikia mlio wa ndege. Turubai jeupe limesimamishwa uani kwetu Kasingirima, Ujiji, masufuria ya pilau yamekwisha bandikwa, wakwe wamefika kutoka Tanga na vumbi la reli nzima mabegani, na Bibi amekaa chumbani kwake, mlango kaufunga kwa ndani, anasema hatoki.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mama yako. Kwa hiyo, mwanangu, jua kwamba asubuhi ile wewe pia ulikuwa mashakani.

Najua unatabasamu nikikuita mwanangu. Sijafika hata arobaini, na kwa urefu umekwisha nipita. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu mkubwa, basi mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Umri wangu hautoshi kutoa nasaha. Cheo changu kinatosha. Na unavyonijua, mimi ndiye niliyekuwa nawauliza wazee "nani kasema?" kila walipotoa methali. Wakisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nauliza ni wakuu wangapi waliovunjika ya kwao. Leo zamu ya kusema imenifikia. Wewe nawe uliza tu, nimezoea.

Umeniandikia kwamba unataka kuwa rubani wa ndege za kivita, na ukaniomba nikutajie vitabu vizuri vya marubani wa vitani na mapambano ya angani. Siku hiyo hiyo mama yako akanipigia simu. "Mwambie vitabu hivyo havipo," akasema. "Huyu mtoto atatuponyoka." Sitakuambia havipo. Vipo, vingine vitamu hadi utasahau kula. Ila siwezi kukuambia vinasomwaje bila kukueleza kwanza kwa nini Bibi alikataa kutoka siku ile. Nivumilie kidogo. Mambo haya mawili yanakutana mbele.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nimerudi likizo. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi alikuwa anahama Kigoma, akawa anagawa vitabu vyake kwa yeyote aliyepita. Mimi nilipita na baiskeli, nikarudi na boksi zima. Karibu vyote vilihusu vita vya angani. Mtu aliyekuja kuwahudumia waliokimbia vita alikuwa akitafuta nini humo? Ningekuwa na akili ya sasa ningemuuliza. Wakati ule nilikuwa na njaa tu ya kusoma. Nilikaa barazani likizo nzima, mgongo ukutani, nikajua kwamba marubani wa Vita vya Kwanza waliruka na ndege za mbao na kitambaa, na kwamba injini nyingine ziliwarushia usoni mafuta ya mbarika mpaka mashujaa wakashuka wakikimbilia chooni. Nikajua kwamba adui wa kuogopwa ni yule anayekuja na jua mgongoni, kwa sababu ukimtazama unaona mwanga mtupu. Nilipowaeleza hilo akina mama wanaoanika dagaa kule Katonga, walicheka mpaka mmoja akaegemea chanja. "Hata mwewe anajua hilo," akasema, "na hajaenda shule."

Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu kimoja chembamba, jalada limeliwa na mende. Aliyekiandika alikuwa rubani aliyeruka juu ya ziwa letu hili hili. Unajua historia yenyewe: Mjerumani alikuwa ameshika Kigoma, na meli yake iko bandarini, Mbelgiji alikuwa ng'ambo, akaleta ndege za kutua majini, zikawa zinavuka kuja kuipiga bandari. Mimi niliyazoea hayo kama mistari michache ya kitabu cha shule. Sasa nimempata mtu aliyekuwa humo ndani ya ndege, anaeleza baridi ya asubuhi juu ya maji, na milima ya upande wetu inavyotoka kwenye ukungu. Niliona kama nimepewa macho. Kitabu kile nilitembea nacho hata jikoni.

Sasa njoo kwenye desturi ya nyumba yetu. Katika ukoo wetu, kitu cheupe hakianikwi nje. Shuka, kilemba, sanda ya akiba, kanzu, vyote vilikaushwa jikoni, kwenye kamba juu ya mafiga. Wanaume wa nyumba yetu wakienda msikitini Ijumaa walinuka moshi wa kuni, na watoto wa mtaani walitutania kwamba kwetu tunakausha watu kama samaki. Nilipouliza kwa nini, shangazi mmoja aliniambia jua linakula weupe. Mjomba akaniambia jini. Mama akaniambia nisiulize. Majibu matatu kwa swali moja. Kwangu ilimaanisha hakuna hata mmoja anayejua. Nikaiweka desturi ile kwenye kapu la mambo ya kipuuzi, na kapu langu wakati ule lilikuwa kubwa.

Baba yako alikuwa bwana misitu aliyehamishiwa Kigoma kikazi. Ndugu zake waliomba kitu kimoja tu kwenye harusi: turubai liwe jeupe, jeupe pe, kwa sababu kwao ndiyo heshima ya bibi harusi. Mjomba Kassimu, kaka yake mama, akaona aibu kuwakatalia wageni kwa sababu ya jini ambalo hata yeye hakuwa na hakika nalo. Akalileta, akalisimamisha alfajiri Bibi akiwa kwenye sala. Bibi alipomaliza, akafungua dirisha, akaona. Akalifunga. Baadaye tukasikia komeo la mlango.

Na kwa desturi ya nyumba yetu bibi harusi havuki kizingiti mpaka mkubwa wa wanawake wa nyumba awe ametangulia. Mkubwa ni Bibi. Bibi asipotoka, Mwajuma, mama yako, hatoki. Mwajuma asipotoka, watu wa Tanga wanarudi stesheni.

Mjomba Kassimu alikuwa anazunguka uani ameshika kichwa. "Msomi wetu yuko wapi? Wewe! Huko chuo kikuu wanakufundisha nini? Nenda kamtoe bibi yako!"

"Kwani anasema nini, Mjomba?"

"Anasema hapiti chini ya kitu cheupe. Kama vile mimi ndiye niliyelifuma!"

Shangazi yake baba yako, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, alikuwa jamvini anajipepea kwa ncha ya kanga. "Sisi tumeomba jeupe kwa heshima," akasema, akihakikisha anasikika mpaka barabarani. "Kama kwenu jeupe ni msiba, si mngetuambia mapema tuje na machozi?" Wenzake wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha harusi. Chumba cha pili nilimsikia mama yako akilia, na mpakaji hina akimkaripia: "Usijifute uso, hina itakwenda puani!"

Nikaenda. Kitabu cha rubani kilikuwa kwapani kama kawaida, kidole changu bado kwenye ukurasa.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimetumwa."

"Angalau wewe husemi uongo. Ingia."

Alikuwa amekwisha vaa. Amejitanda, amejifukiza udi, amekaa kwenye ukingo wa kitanda kama abiria anayesubiri meli. Hapo ndipo nikaona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa kitu, hata mwaka ule chatu alipoingia bandani kwa kuku.

Nikamuuliza swali nililowauliza wenzake wote: kwa nini cheupe hakikai nje? Sijui kwa nini siku ile alinijibu. Labda kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia.

Mama yake Bibi alikuwa mwari wa kuolewa wakati wa vita ile ya Mjerumani. Nguo za harusi zilikuwa merikani nyeupe, doti kwa doti, na kazi ya kuzifua alipewa shangazi yake, jina lake Zuhura. Zuhura alizifua ziwani, akazianika mchangani kandokando ya maji, mistari iliyonyooka, jiwe kila pembe. Alikuwa mtu wa unadhifu. Ndege zilikuwa zimekwenda kupiga Kigoma, watu wa Ujiji wakisikia mshindo kwa mbali kama ngoma ya jirani. Ndege moja ikaja ikifuata ufuko. Kitu kikaanguka. Nguo zikapaa. Zuhura akarushwa majini, na alipoinuka alikuwa haisikii dunia tena.

"Hakufa," Bibi akasema. "Mimi nilimkuta. Nilipokuwa mdogo ndiye niliyekuwa nikimshika mkono. Nilikuwa sikio lake. Kivuli kikipita chini, hata cha kunguru, anasimama, anatazama juu."

"Na desturi ya kuanika ndani ndipo ilipoanzia?"

"Ilianzia kwenye midomo ya watu. Walimwambia: nani alikutuma upange mistari? Umewaita. Umetandika cheupe, wakaona wamekaribishwa. Hata kaka yake alisema. Harusi ya mama ikafanyika bila ngoma. Zuhura akaishi na neno hilo mpaka siku ya mwisho. Alikufa akiomba radhi, mwana wanje, mjukuu wangu. Na kiziwi akiomba radhi hajui kama anapiga kelele. Mtaa mzima ulisikia."

Sasa, mwanangu, mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa na kitabu kwapani. Nikaanza. Nani mwingine aliona? Ndege zilifuata meli ya Mjerumani, na meli ilikuwa Kigoma. Ujiji zingefuata nini? Na ufuko wenyewe uko mbali na mji, nguo zingefuliwa huko kwa safari gani? Isitoshe mabomu ya wakati ule yalikuwa madogo. Je, si huenda Zuhura aliugua tu masikio, watu wakaunganisha?

Bibi alinijibu kidogo tu. Maji, alisema, wakati ule yalikuwa karibu zaidi, ziwa limejivuta lenyewe. Mengine aliyaacha yapite. Halafu akanitazama.

"Umenihoji kama polisi. Si kitu, mdomo huo umeurithi kwangu. Sasa huyo uliyemlaza kwapani, yeye umemhoji nini?"

"Huyu alikuwepo, Bibi. Aliona kwa macho yake."

"Na Zuhura alikuwa wapi? Unguja?"

Nikakitoa kitabu kwapani.

"Mimi sijui kusoma," akasema, "lakini najua kusikiliza kesi. Shahidi mmoja umembana mpaka ametoka jasho. Mwingine umempa kiti. Kwa sababu huyu ni bibi kizee wa Kasingirima na yule ameandikwa? Muulize na yeye. Muulize kama ulivyoniuliza mimi."

Lile ndilo karipio ninalokuletea, mwanangu. Nilikuwa nikijisifu kwamba nauliza kila kitu. Kumbe nilikuwa nauliza upande mmoja tu.

Nikafungua kitabu. Nilijua palipo na safari ile ya mwisho, nilikuwa nimepasoma mara nyingi, na nikawa namfasiria Bibi polepole. Rubani anaeleza kwamba walimaliza kazi bandarini, injini ikaanza kukohoa. Akageuza, akafuata ufuko kuelekea kusini ili ikibidi atue majini. Alikuwa bado na bomu moja, na uzito ulimtia wasiwasi, maana ziwa zima lilikuwa mbele yake. Ndipo akaona chini, pembezoni mwa maji, mahema meupe ya askari, yamepangwa kwa mistari safi. Akaliachia. Anasema mahema yakapeperuka hewani kama karata, na mwenzake nyuma akapiga makofi.

Niliposoma neno mahema sauti yangu ilikuwa bado imenyooka. Nilipofika kwenye karata ikakatika.

"Endelea," Bibi akasema.

"Ngoja, Bibi. Ngoja kwanza." Maana sasa nilikuwa nimeanza kumuuliza yeye, rubani. Wewe bwana, hema la askari lina vigingi na kamba. Likipigwa linachanika, linaanguka, linaungua. Linapeperukaje kama karata? Na askari waliokuwa ndani walikwenda wapi, mbona humtaji hata mmoja anayekimbia? Ulikuwa juu kiasi gani hata uyaite mahema? Injini inakohoa, unataka kupunguza mzigo, unatafuta pa kuutua. Je, uliona mahema kisha ukaachia, au uliachia kisha ukaona mahema?

Nilikuwa nayasema haya kwa sauti bila kujua. Bibi alikuwa amenishika mkono.

"Kusini ya Kigoma kuna nini?" akaniuliza.

"Ujiji."

"Mistari safi, anasema."

"Anasema hivyo."

"Hakuona nguo."

"Hakuona nguo, Bibi. Wala hakumwona mtu. Aliona alichokuwa anakitafuta."

"Basi hakuitwa. Yeye ndiye aliyekosea." Alisema taratibu, kama mtu anayejaribu jino lililokuwa likiuma. "Si Zuhura."

"Bibi, siwezi kuapa kwamba ni nguo zile zile. Hakutaja mahali."

"Sikukuomba kiapo. Nilikuomba umuulize." Akainama, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Maisha yake yote yule mama, anaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Na mwenye kosa anapigiwa makofi."

Nje Mjomba Kassimu alikuwa amefika mlangoni. "Mama! Wakwe wanafunga mabegi!"

Bibi akasimama. Nikadhani yamekwisha, atatoka. Akaenda kwenye sanduku lake, akatoa kanga, ile nyekundu aliyokuwa akiitunza, akanipa.

"Tundika juu ya turubai."

"Lakini Bibi, si tumeona kwamba Zuhura hakukosea?"

"Zuhura hakukosea. Ila sijasikia kwamba walio juu wamejifunza kutofautisha."

Hapo ndipo Bibi alipotoka chumbani, lakini alisimama kizingitini, nyayo zake zikiwa bado ndani. Akawaeleza wote waliokuwa uani, wenyeji na wageni, maneno machache tu: kwamba ukoo huu ulikuwa na mwanamke aliyeitwa Zuhura, kwamba alianika nguo za harusi kama anavyoanika mwanamke yeyote mwenye mikono safi, na kwamba hakuita ndege. Alilirudia hilo la mwisho. Hakuita ndege. Akina mama wa mtaani wa rika la mama yangu walitazamana; nadhani kulikuwa na mmoja au wawili ambao nyumbani kwao lile neno la zamani lilikuwa bado likisemwa.

Mjomba Kassimu akapanda kwenye stuli na ile kanga nyekundu. Ilionekana ndogo sana juu ya weupe ule, kama bendera ya mtoto. Jirani mmoja akaleta ya kwake. Mwingine akaingia ndani akatoka na kitenge. Kisha yule shangazi wa Tanga akainuka jamvini, akafungua kanga iliyokuwa begani mwake, akainusa kidogo, akasema, "Ina jasho la treni, lakini ni kanga. Nipandishieni na yangu." Na hapo ndipo harusi ilipoanza. Wanawake walipanda meza, walipanda migongo ya waume zao, pini zikaisha, wakatumia miiba ya mlimao. Turubai likawa la rangi zote na misemo ya kila namna. Bibi akavuka. Mama yako akafuata, hina puani kweli.

Nicheke kidogo, mwanangu. Siku hizi mitaa ile ukienda harusini utaona kanga zimetundikwa juu ya turubai. Mwaka juzi kijana mmoja mpambaji alinieleza, bila kumeza mate, kwamba ni mila ya mababu tangu enzi na enzi, ya kuomba uzazi. Nikamwambia, "Kumbe!" Lisemwalo lipo, wanasema, nami naongeza, ila muulize lilizaliwa lini.

Likizo ile haikuisha bila mimi kujaribu jambo. Nilitaka kujua kama ningekuwa juu, mimi ningeona nini. Sina ndege, nikapanda mlima. Ule unaoutazama ufuko wa Katonga, jua likiwa limekwisha chomoza vizuri. Chini, pembezoni mwa makazi, niliona vitu vyeupe vimetandazwa, vimenyooka. Nikajiambia: shuka. Hapana, ni magunia ya unga. Nikaamua ni shuka, nikajitolea hata sababu: kuna zahanati karibu. Niliposhuka nikakuta muhogo. Muhogo uliomenywa, umeanikwa juani kwenye mikeka, na mama mmoja amekaa na fimbo anafukuza mbuzi. Kule juu sikuwa nimemwona kabisa, wala mbuzi. Nikamsalimu. "Karibu," akasema. "Mbona unahema, unakimbizwa na nani?" Ningemwambia nini? Kwamba nimemgeuza zahanati?

Kwa hiyo vitabu vyako ni hivi.

Soma marubani wenyewe, usiogope. Chagua wale wanaokiri kwamba walitapika, waliosahau kufunga mkanda, walioota ndoto mbaya baada ya vita. Anayeshinda kila ukurasa muweke kando umsome ukiwa mgonjwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na rubani anayeandika kumbukumbu zake ana ngoma kubwa na hana mtu wa kushika upande wa pili. Ukimpata mmoja, mtafute adui aliyekuwa angani siku hiyo hiyo, maana na wao wameandika; utashangaa kila mmoja anavyoiona ndege ya mwenzake ikianguka zaidi ya ilivyoanguka. Tafuta na vitabu vya mafundi. Hivyo ni vichache na havina picha nzuri jaladani, lakini fundi ndiye anayekaa uwanjani jioni akihesabu milio inayorudi, na ndiye anayejua bawa lilishonwa kwa uzi gani. Historia ndefu za vita vya angani, zile nene, zisome baada ya hizo, ukiwa na maswali tayari. Ukianza nazo zitakupa majibu kabla hujauliza, na mtu aliyepewa majibu mapema hulala.

Halafu kuna vile vya walioko chini. Hapa nakuomba radhi, kwa sababu vya kwetu sivioni. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Tumeisema methali hiyo mpaka imechakaa, lakini nani aliwahi kwenda kuziuliza nyasi ziliona nini? Simbo kuna mzee anayelima michikichi, mama yako anamjua. Aliwahi kuwa askari wakati wa vita na Idi Amin. Nenda na shikamoo yako na kalamu, umuulize alipoangalia juu aliona nini, na alihisi nini tumboni. Naye mbane kwa maswali. Uzee si hati ya ukweli, kama vile kuchapwa vitabuni si hati ya ukweli. Muulize kwa adabu, na muulize mpaka mwisho. Huenda kitabu ninachotaka kukupendekezea kuliko vyote ni kile ambacho hakijaandikwa, na mwandishi wake yuko kidato cha tano anachezea simu.

Mama yako anataka nikukataze urubani. Sikukatazi. Mtu aliyezaliwa kwa sababu kanga zilitundikwa juu ya turubai ana haki ya kwenda kuitazama dunia kutoka juu. Nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi ili usiseme mama mdogo alizunguka tu: usimwamini mtu kwa sababu yuko juu, wala usimdharau kwa sababu yuko chini, swali unalomuuliza bibi kizee, muulize na mwenye mabawa, na kila ukimaliza kitabu cha rubani, shuka mlima uone alichokiona ni nini hasa.

Mungu akufungulie njia ya unalolitafuta. Akupandishe kwa salama na akurudishe kwa salama, mama yako akusikie unagonga mlango. Akupe macho ya kuona mbali, na moyo wa kusita palipo na ukungu. Na siku ukipita juu ya ziwa letu, ukaona kitu cheupe kimetandazwa kandokando ya maji, mistari imenyooka, umkumbuke Zuhura. Kuna mtu amekianika.